Barbara Castle: Waziri wa Uchukuzi Asiyejua Kuendesha Gari

Mhariri aliniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kututoka, na najua wengi wenu mlitegemea nimlete Mwalimu au Mzee Kenyatta. Safari hii naomba niwaletee mama mmoja wa Kiingereza, Barbara Castle. Nina sababu mbili. Ya kwanza, aliwahi kututetea sisi watu wa Afrika Mashariki wakati kututetea hakukumwongezea kura hata moja. Ya pili ni ya aibu kidogo, maana inahusu gari nililopanda mimi mwenyewe.

Nianze na hiyo ya aibu. Mwaka jana, baada ya sherehe moja, tulikuwa wanne tunarudi nyumbani usiku. Rafiki yetu mwenye gari hakugusa pombe, hilo sote tuliliona. Ila alikuwa ametoka nje mara mbili kuvuta bangi. Nilipomuuliza kama yuko sawa, akanijibu kwamba bangi si pombe, tena yeye humfanya aendeshe polepole na kwa makini zaidi. Nikanyamaza, nikaingia nyuma, nikafunga mkanda. Njiani tukapita taa nyekundu kwa mwendo ule ule, kama vile taa haipo. Bahati yetu hakuna gari lililokuja upande wa pili. Tangu siku ile najiuliza: hivi mimi, mtu mzima wa miaka thelathini, tena mhandisi, nilishindwa nini kusema hapana?

Sasa tumwangalie huyu mama.

Barbara Betts alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1910 mjini Chesterfield, akakulia Pontefract na Bradford. Baba yake alikuwa mkaguzi wa kodi na mjamaa wa kweli kweli. Siasa pale nyumbani ilikuwa kama chai ya asubuhi. Alisoma Oxford, chuo cha St Hugh's, akatoka na shahada ya daraja la tatu. Wale mnaokosa usingizi kwa ajili ya matokeo, hilo mliweke moyoni. Mwaka 1944 aliolewa na mwandishi wa habari Ted Castle, na mwaka 1945, akiwa na miaka 34, aliingia Bungeni kwa tiketi ya Labour akiwakilisha Blackburn. Kiti hicho alikikalia hadi 1979.

Wakenya watamkumbuka kwa jambo lingine. Wakati wa Hali ya Hatari, Mwafrika mmoja, Kamau Kichina, aliteswa na kufa mikononi mwa polisi. Mwaka 1955 Bi Castle alifunga safari mwenyewe hadi Kenya kuchunguza, akarudi kuwasumbua mawaziri Bungeni. Kisha ikaja Hola. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ile, na wakubwa wakadai kwanza kwamba walikufa kwa maji waliyokunywa. Bi Castle alikuwa miongoni mwa wabunge waliokataa kulimeza hilo, wakabana hadi ukweli ukatoka. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha tabia yake: alitaka ushahidi, na akishaupata haogopi kelele.

Tabia hiyo ndiyo aliyoingia nayo Wizara ya Uchukuzi mwezi Desemba 1965. Watu walicheka. Mwanamke, tena hana leseni, hajui hata kuendesha gari, ndiye asimamie barabara za Uingereza? Wakati huo karibu watu 8,000 walikuwa wanakufa barabarani kila mwaka nchini humu. Ilikuwapo sheria dhidi ya ulevi barabarani, lakini daktari ndiye aliyemkagua dereva, akamwangalia anavyotembea na kuzungumza, kisha mabishano yakahamia mahakamani. Mwenye wakili mzuri alienda zake nyumbani.

Hapa ndipo uhandisi ulipomsaidia. Huko Grand Rapids, jimbo la Michigan, Robert Borkenstein, ambaye mwaka 1954 alibuni kifaa cha kupima pombe kwa pumzi, alikuwa ameongoza utafiti mkubwa. Walipimwa madereva karibu 6,000 waliopata ajali, wakalinganishwa na zaidi ya 7,500 waliopita njia zile zile bila ajali. Ripoti ya mwaka 1964 ilionyesha kuwa kadiri pombe inavyozidi kwenye damu, hatari ya ajali nayo inapanda, na ikipita miligramu 80 kwa kila mililita 100 inapanda kwa kasi sana. Bi Castle akaishika namba hiyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1967 ilisema ukizidi 80 umekosa, hata kama unatembea umenyooka kama mnazi.

Ilianza kutumika tarehe 9 Oktoba 1967. Askari alikupa kibomba cha kioo chenye chembe za njano, ukapuliza mpaka mfuko ujae. Chembe zikigeuka kijani kupita alama, unapelekwa kituoni kwa kipimo kamili. Wenye baa walichachamaa, barua za matusi zikamiminika wizarani, na mtangazaji mmoja akamuuliza yeye kama mwanamke asiyeendesha anajua nini. Hakurudi nyuma, ingawa ilibidi aache wazo lake la awali la askari kumsimamisha dereva yeyote na kumpima bila sababu. Katika mwaka wa kwanza vifo vilipungua kwa 1,152 na majeruhi wa hali mbaya kwa zaidi ya 11,000. Baadaye nafuu ile ilififia, kwa kuwa madereva waligundua kwamba uwezekano wa kukamatwa ni mdogo. Sheria bila askari barabarani ni karatasi tu.

Mwaka 1968 alihamishiwa Wizara ya Ajira, na mwaka 1970 akapitisha Sheria ya Malipo Sawa kwa wanawake. Baadaye alikaa Bunge la Ulaya miaka kumi, kisha Bunge la Malodi. Alifariki tarehe 3 Mei 2002 akiwa na miaka 91.

Sasa basi, bangi inaingiaje hapa? Inaingia kwa sababu dunia ya leo inatafuta namba kama ile 80 ya Bi Castle, na haijaipata. Wapiga kura wa Colorado na Washington walihalalisha bangi mwaka 2012, Kanada ikafuata Oktoba 2018, Ujerumani Aprili 2024. Kila mmoja alilazimika kujibu swali moja: dereva aliyevuta tunampimaje?

Pombe ni rahisi kidogo. Inayeyuka kwenye maji, inasambaa mwilini, na inatoka kwa kasi inayokadirika. Pumzi inakueleza damu ikoje, na damu inakueleza ubongo ukoje. Kemikali ya THC iliyomo kwenye bangi haina adabu hiyo. Inapenda mafuta. Ukivuta, inapanda kwenye damu ndani ya dakika chache, kisha inashuka haraka huku kichwa bado kiko mawinguni. Kwa mvutaji wa kila siku hujificha kwenye mafuta ya mwili na kuvuja kidogo kidogo kwa siku nyingi, hata wiki. Kwa hiyo namba moja inaweza kumfunga aliyevuta juzi na kumwachia aliyevuta saa mbili zilizopita.

Ndiyo maana nchi zimetofautiana. Washington iliweka nanogramu 5 kwa mililita ya damu, ukifika hapo umekosa. Colorado ilichukua 5 hiyo hiyo, lakini kama dalili tu ambayo mshtakiwa anaweza kuipinga. Kanada iliweka ngazi mbili, kuanzia 2 na kuanzia 5, na adhabu tofauti. Hapa Uingereza bangi ya starehe haijahalalishwa, lakini tangu Machi 2015 England na Wales zina kikomo cha 2, na Scotland ikafuata Oktoba 2019. Askari anakupangusa mate barabarani, kisha damu inachukuliwa. Ukipatikana na hatia unanyang'anywa leseni si chini ya mwaka mmoja, na kwa sisi tulio hapa kwa viza, hatia ya jinai si jambo la kuchezea.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba kwa kuwa kipimo hakijakamilika, basi bangi iachwe. Wengine wanasema kwa kuwa kipimo hakijakamilika, bangi isihalalishwe kamwe. Mimi naona wote wanakwepa. Bi Castle naye hakuwa na kipimo kamilifu. Alikuwa na kizuri cha kutosha, na ushahidi nyuma yake. Kwa bangi, kazi yetu mafundi bado ipo: kupima uwezo wa dereva wakati ule ule, macho yake, wepesi wake wa kuitikia, badala ya kutegemea damu peke yake. Mpaka hapo, askari aliyefunzwa kutambua dalili na kikomo cha damu vitembee pamoja.

Lakini usiku ule ndani ya gari hakukuwa na askari wala maabara. Kulikuwa na mimi, na nilijua. Yule mama hakujua kuendesha, ila alijua kusema hapana mbele ya nchi nzima iliyomcheka. Mimi nilishindwa mbele ya rafiki mmoja.

Nimeshaongea naye, tumeelewana, ingawa alininunia wiki mbili. Na kwa sherehe yetu ijayo napendekeza hivi: wenye magari wachague mapema nani hatakunywa wala kuvuta, na wengine tuchange teksi. Mimi nitakuwa wa kwanza kuchanga.