Mohandas Gandhi Alipokuwa Mwanafunzi London

Jina la Gandhi tunalijua sote, na sura yake ya uzee tumeiona katika picha: mzee mwembamba, amejifunga shuka nyeupe, ameshika fimbo. Lakini kabla ya kuwa mzee huyo alikuwa kijana wa rika letu sisi tulio katika darasa la mwisho, akapelekwa peke yake katika mji mkubwa wa kigeni. Habari zake za wakati huo ndizo ninazotaka kuwaeleza.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika mji wa Porbandar, pwani ya magharibi ya Bara Hindi. Baba yake alikuwa waziri wa mtawala wa nchi ndogo, akafa mwaka 1885. Kijana aliozwa akiwa na miaka 13 tu. Ilipoamuliwa kwamba aende Uingereza kusoma sheria, mama yake, Putlibai, aliogopa sana, maana alisikia kwamba vijana huharibika huko. Hakumpa ruhusa mpaka mwanawe alipoweka nadhiri kwamba hatagusa nyama, wala pombe, wala wanawake. Wazee wa kabila lake huko Bombay nao walimkataza kuvuka bahari. Alipokataa kuwatii wakamtenga, na wakatangaza kwamba atakayemsaidia atatozwa faini ya rupia moja na ana nne. Hata hivyo aliondoka tarehe 4 Septemba 1888, akamwacha mkewe na mtoto mchanga. Alikuwa hajatimiza miaka 19.

Merikebuni alikaa chumbani mwake karibu safari nzima. Kiingereza chake kilikuwa kizito, hakujua kutumia uma na kisu, na aliona haya kuuliza ni chakula gani kisicho na nyama. Basi alikula matunda na vitu vitamu alivyofungiwa nyumbani. Sisi tuliotoka vijijini tukaja bwenini hatuwezi kumcheka, maana haya ya namna hiyo tunaijua.

Kwa siku ya kufika alikuwa ameweka suti nyeupe ya flaneli, akidhani ndiyo itakayopendeza. Kumbe ilikuwa mwisho wa Septemba, baridi imeanza, na watu wote wamevaa nguo nyeusi. Yeye peke yake alikuwa mweupe kama kunguru wa ajabu. Tena mizigo yake ilikuwa kwa wakala, na kesho yake ni Jumapili, ofisi zimefungwa! Ikambidi akae na aibu yake mpaka Jumatatu. Daktari Mehta, mtu wa nchi yake, alipokuja hotelini kumtazama, kijana alichukua kofia yake ndefu ya manyoya akaipapasa kinyume hata manyoya yakavurugika. Mehta alimzuia, akamfundisha somo la kwanza la adabu za Wazungu: usiguse vitu vya watu. Akamshauri pia aache hoteli, akae na wenyeji ili ajifunze desturi zao.

Usiku alilia akimkumbuka mama yake. Kukaa hakutaki, kurudi hawezi. Na njaa ilimsumbua. Katika nyumba aliyopanga mboga zilichemshwa tu bila viungo, na mkate ulikuwa vipande viwili vitatu. Aliona haya kuomba kingine. Rafiki mmoja alimshindilia kila siku aache nadhiri, akimwambia kwamba ahadi aliyopewa mama asiyejua maisha ya Ulaya si kitu. Gandhi hakuwa na maneno ya kumshinda. Alikataa tu.

Alianza kutembea mjini maili nyingi kila siku akitafuta mahali pa kula. Mwishowe, katika mtaa wa Farringdon, akaona hoteli ya chakula kisicho na nyama. Hapo alikula akashiba mara ya kwanza tangu kufika. Mlangoni viliuzwa vitabu, akanunua kimoja cha Henry Salt kwa shilingi moja. Alipokisoma, jambo kubwa lilitokea moyoni mwake. Mpaka siku ile aliacha nyama kwa ajili ya mama. Tangu siku ile aliiacha kwa akili yake mwenyewe.

Lakini msidhani kwamba hakuteleza. Alitaka kuwaonyesha rafiki zake kwamba asiyekula nyama aweza kuwa bwana mstaarabu, akashona suti ya pauni kumi, akanunua kofia ndefu, akamwandikia kaka yake ampelekee mkufu wa saa wa dhahabu. Akalipa ada ya kujifunza dansi, lakini miguu haikufuata ngoma. Akanunua fidla ili azoeze masikio yake. Mambo hayo yalidumu kama miezi mitatu. Kisha akajiuliza: Nimekuja kusoma au kucheza? Na fedha hizi ni za nani? Zilikuwa za kaka yake. Basi akaacha yote, fidla akaiuza.

Tangu hapo aliandika kila senti aliyotumia, hata nauli na stempu, akafanya hesabu kila usiku kabla ya kulala. Alihamia chumba kimoja cha shilingi nane kwa juma, akajipikia uji asubuhi, na jioni akala mkate na kakao. Alikwenda kwa miguu maili nane au kumi kwa siku. Mtihani wa Kilatini ulimshinda mara ya kwanza, akarudia, akafaulu. Tarehe 10 Juni 1891 alikubaliwa kuwa wakili, na siku mbili baadaye akapanda merikebu kurudi kwao.

Alikuwa na hamu kubwa ya kumwona mama yake. Kufika Bombay, kaka yake akamwambia kwamba mama alikwisha kufa, nao walimficha ili asihuzunike ugenini. Yule aliyemwekea nadhiri hakuwapo tena kumpokea. Lakini nadhiri alikuwa ameitimiza.

Mwaka 1893, akienda Afrika ya Kusini, alipita pwani yetu. Pale Lamu nusura aachwe na merikebu, maana mkondo wa maji ulikuwa mkali, ngazi ikawa imekwisha kuinuliwa, ikabidi avutwe kwa kamba. Akapita Mombasa na Unguja. Kazi yake ya Afrika ya Kusini, uhuru wa Bara Hindi mwaka 1947, na kuuawa kwake tarehe 30 Januari 1948, hayo yamo katika vitabu vyetu vya historia.

Ndugu zangu, wengi wetu tutakwenda kusoma miji ya mbali. Tutavaa nguo zisizofaa, na tutachekwa, hayo hupita. Jambo la kuangalia ni lile tulilowaahidi watu wa nyumbani, na fedha walizotuuzia ng'ombe ili twende.