Ed Roth, fundi aliyetia magari yake ndani ya kisanduku

Anayepita mitaa ya Likoni saa za jioni, watoto wakiwa wametoka shule, au anayekatiza vichochoro vya Changamwe na Kisauni, hakosi kukutana na msafara wa magari yasiyotaka petroli. Ni magari ya waya. Bodi ni kopo la mafuta ya kupikia lililopasuliwa na kukunjwa, magurudumu ni kandambili kuukuu zilizokatwa duara, na usukani umefungwa kwenye ncha ya waya mrefu ili dereva aweze kutembea wima nyuma ya gari lake. Injini ni mdomo wa dereva mwenyewe.

Ukimtazama mtoto huyo kwa makini utaona kwamba hakuunda gari lolote tu. Ameunda lori lile aliloliona likitoka bandarini na kushika njia ya Nairobi, au matatu ile inayopita karibu na kwao. Akisahau magurudumu ya nyuma yaliyopangwa mawili mawili, wenzake watamcheka, na kesho atarudi akiwa amelirekebisha. Huo si mchezo mtupu. Ni masomo ya ufundi, ingawa hakuna mwalimu wala cheti.

Msomaji, nimeanza na watoto hawa kwa sababu habari yetu ya leo ni ya mtu wa mbali sana ambaye wao wangemwelewa upesi. Jina lake ni Ed Roth, Mmarekani, aliyefariki mwaka 2001. Aliunda magari ya ajabu kwa mikono yake, na magari hayo yakafanywa vigari vya plastiki ambavyo mnunuzi huviunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande. Magari yake makubwa hayakubahatika yote kuishi. Vigari vidogo vimebaki, na siku moja kimoja kati ya vigari hivyo kilisaidia kumfufua baba yake.

Roth alizaliwa tarehe 4 Machi 1932 huko Beverly Hills, California, akalelewa katika mji wa Bell, karibu na Los Angeles. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani, na baba yake alikuwa seremala wa samani. Kijana huyo alikua akiona kwamba kitu kizuri hutoka mikononi mwa mtu, wala si lazima kinunuliwe dukani. Mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 14 tu, alipata gari lake la kwanza, Ford ya mwaka 1933.

Hapana budi tueleze kidogo hali ya vijana wa huko siku zile. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, magari ya zamani yalipatikana kwa bei nafuu. Vijana wasio na fedha waliyanunua, wakayavua mabati yasiyo ya lazima, wakayashusha karibu na ardhi, wakayatia injini kubwa zilizotolewa katika magari mengine, kisha wakashindana nayo. Magari ya namna hiyo huitwa hotirodi. Kila gari lilikuwa la pekee, kwa maana kila mwenye gari alitumia alichokipata. Mafundi wetu wa gereji za Changamwe, wanaofufua gari kwa vipande vya magari matatu, wangejiona nyumbani kabisa.

Baada ya shule, Roth alianza kusomea uhandisi chuoni, lakini akaona masomo yale hayamfikishi kwenye magari aliyoyapenda. Mwaka 1951 akajiunga na jeshi la anga la Marekani, na katika utumishi huo alitumwa hata huku Afrika. Aliachiliwa jeshini mwaka 1955. Wakati huo alikuwa na mke na watoto wa kulea, kwa hiyo akachukua kazi katika duka kubwa la Sears, ambako mchana alipanga na kupamba bidhaa. Jioni alishika brashi na kuchora mistari myembamba ya rangi kwenye bodi za magari ya watu, kazi inayotaka mkono usiotetemeka. Baadaye alianza kuchora majini na mazimwi ya kuchekesha kwenye fulana kwa bomba la kupulizia rangi, akiziuza palepale katika maonyesho ya magari. Aliyewahi kuona matatu iliyopambwa kuanzia kioo cha mbele hadi bampa ya nyuma anajua kazi ya aina hiyo.

Mwaka 1959 Roth alionyesha gari lililombadilishia maisha, aliloliita Outlaw. Mafundi wengine walichukua gari la kiwandani wakalibadili. Roth yeye aliunda bodi nzima mwenyewe. Alijenga umbo kwa plasta kama mtu anayejenga sanamu, akalifunika kwa kitambaa cha faibaglasi na kukipaka utomvu wake, kisha akaubandua ule ukoko ulipokauka. Hakuwa na michoro ya kihandisi wala mashine kubwa. Alitumia nyenzo ambayo maseremala na wahunzi wa magari wa wakati ule walikuwa bado hawajaizoea, akajifunza kwa kukosea.

Mwaka 1961 likafuata Beatnik Bandit. Gari hili halikuwa na usukani wa duara, bali kijiti kimoja tu cha kuliendesha, kulisukuma na kulisimamisha. Juu yake palikuwa na kifuniko cha plastiki angavu, mviringo kama povu la sabuni. Kifuniko hicho kilipatikana kwa kupasha moto bamba la plastiki katika tanuri la kuokea piza, kisha kulipulizia hewa hadi livimbe. Mwaka 1963 likaja Mysterion, lenye injini mbili za Ford zilizokaa sambamba na pua iliyopinda upande mmoja yenye taa moja tu. Mwaka 1964 likaja Orbitron, lenye taa tatu za mbele: nyekundu, kijani na buluu.

Hapo ndipo ilipoingia kampuni ya Revell ya California, watengenezaji wa vigari, vindege na vimeli vya plastiki vya kuunganisha. Walikubaliana na Roth kuyafanya magari yake madogo, kwa kipimo cha 1 kwa 25. Maana yake ni kwamba gari la urefu wa mita 4 huwa sentimita 16, likaenea katika kiganja. Outlaw lilitoka mwaka 1962, na Beatnik Bandit mwaka 1963, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru na kiwanda cha kusafisha mafuta kilipoanza kazi Changamwe. Pamoja nayo alitoka Rat Fink, panya mnene wa kijani mwenye macho yaliyomtoka na ovaroli nyekundu, aliyekuwa kinyume cha yule panya mpole wa Walt Disney. Watu wa Revell wakamtilia Roth jina la Big Daddy, naye akawa akitokea katika maonyesho amevaa kofia ndefu na koti la mkia.

Malipo yake yalikuwa senti moja ya dola kwa kila kisanduku kilichouzwa, yaani kama senti 7 za shilingi yetu ya Afrika Mashariki ya siku zile. Ni kidogo mno, utasema. Lakini haba na haba hujaza kibaba: katika mwaka 1963 senti hizo zilimletea dola 32,000, zaidi ya shilingi laki mbili kwa fedha za wakati huo. Hesabu hiyo ni sawa na visanduku zaidi ya milioni tatu.

Asiyewahi kufungua kisanduku cha namna hiyo asidhani kwamba ndani mna gari. Ndani mna matawi ya plastiki, na vipande vidogo vidogo vimening'inia juu yake kama matunda: ekseli, mabomba ya moshi, feni, viti, kofia za magurudumu. Kila kipande hukatwa kwa wembe na kusuguliwa kwa msasa mpaka kovu la tawi lifutike. Gundi yake si kama ya karatasi. Huyeyusha plastiki ili vipande viwili viwe kimoja, na ikizidi tone moja bodi huharibika. Vipande vilivyopakwa rangi ya fedha vingali na udhia wake, kwa kuwa gundi haishiki juu ya rangi hiyo, na lazima ikwanguliwe kwanza pale panapoungana. Kile kifuniko angavu kikiguswa na kidole chenye gundi, alama haitoki tena.

Na magari ya Roth yalikuwa magumu kuliko mengi mengine. Gari la kawaida lina bodi kubwa inayoficha makosa ya chini, lakini hotirodi huacha wazi injini, fremu na ekseli, na kosa lolote huonekana. Mysterion lina injini mbili, basi kazi ya injini ni mara mbili, na zisipokaa sawasawa gari zima huonekana limepinda. Anayeunganisha leo kisanduku cha miaka ile ana shida zaidi, maana plastiki ya miaka 60 huweza kuwa imepinda na kuwa rahisi kuvunjika. Mvumilivu hula mbivu, na katika kazi hii mwenye pupa huambulia plastiki iliyoyeyuka.

Neema ya Roth haikudumu. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilianza kuuza magari yenye nguvu yaliyo tayari, na vijana wengi wakaacha kujiundia. Roth akageukia pikipiki na urafiki na magenge ya waendesha pikipiki, jambo lililowatia hofu watu wa Revell, na mwaka 1967 mkataba ukavunjika. Magari aliyoyaundia usiku kucha akayauza kwa bei ya kutupa. Mtu ambaye vigari vyake vilikuwa katika mamilioni ya nyumba akarudi kwenye kazi yake ya brashi, akiandika mabango katika bustani ya starehe ya Knott's Berry Farm huko California.

Lakini hakuvunjika moyo. Mwaka 1974 aliingia katika kanisa la Wamormoni, akatuliza maisha yake, akaendelea kuchora na kuunda. Baadaye alihamia mji mdogo wa Manti, jimbo la Utah, na huko ndiko alikofariki tarehe 4 Aprili 2001, akiwa na umri wa miaka 69.

Sasa tutazame yaliyoyapata magari yake. Beatnik Bandit lilibahatika, liko katika jumba la makumbusho la magari huko Reno, Nevada. Orbitron lilitupwa miaka mingi, likaja kugunduliwa mwaka 2007 huko Mexico likiwa limechakaa kando ya barabara, likatengenezwa upya. Mysterion halikuwa na bahati hiyo. Uzito wa injini zake mbili uliipasua fremu, nalo likafumuliwa, vipande vikatawanyika. Lililozungumzwa kuliko yote likawa halipo.

Lakini lilikuwapo ndani ya kisanduku. Miaka michache baada ya kifo cha Roth, mafundi wa Marekani waliamua kulijenga tena Mysterion kwa ukubwa wake. Walitumia picha za zamani, na pamoja na picha walitumia kile kigari cha plastiki cha Revell, wakikipima na kuzidisha. Kitu kilichouzwa kama mchezo wa mtoto kikawa ramani. Mtoto akamzaa baba.

Jambo hilo lisitushangaze sana sisi watu wa pwani, kwa maana tunalo la kwetu linalofanana nalo. Mtepe, chombo cha zamani kilichoshonwa kwa kamba bila msumari na kusafiri kwa tanga la mkeka, ulitoweka katika bahari yetu mwanzoni mwa karne ya 20. Wataalamu waliotaka kujua ulivyokuwa walitegemea sana mifano midogo iliyochongwa na mafundi waliouona kwa macho yao, kama ule uliohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Mwaka 2003 mtepe mzima ulijengwa tena Zanzibar na kuwekwa katika jumba la Beit al-Ajaib. Laiti wale wachongaji wa mifano wangaliambiwa kwamba hiyo ni kazi ya kupotezea wakati, leo tungekuwa na jina tupu la mtepe.

Basi turudi Likoni na Changamwe. Matatu za miaka iliyopita, zilizoundwa bodi na mafundi wetu kwa nyundo na macho tu, zimekwisha kuwa vyuma chakavu. Feri za zamani za Likoni hazipo tena majini. Nani aliyezipima? Nani aliyehifadhi umbo lake? Pengine ni yule mvulana mwenye kopo na waya, aliyekataa kuchekwa na wenzake kwa sababu ya magurudumu ya nyuma. Mama yake atakapofagia uani na kutaka kulitupa lile kopo lililokunjwa, ningemwomba alitazame tena kwanza.