Krapf, Kaaga na deni la Kadhi wa Mombasa

Kaaga, nje kidogo ya mji wa Meru, ni mahali palipozoea wageni wa dini. Wamethodisti walifungua misheni yao hapo mwaka 1912, na leo pana shule ya upili ya wasichana na makao makuu ya Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1997. Vijana wa Kikristo kutoka ng'ambo huja kwa majuma mawili matatu, wakafundisha, wakawatia wanafunzi moyo, wakapiga picha, wakaenda zao. Sina ugomvi nao. Ningependa tu wao, na walimu wanaowapokea, wamjue vyema mtu ambaye hakufika Kaaga kamwe lakini ambaye pasipo yeye huenda misheni hiyo isingalikuwepo. Namkusudia Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, karibu na Tübingen huko Ujerumani, mwana wa mkulima. Kazi yake ya kwanza chini ya chama cha wamisionari wa Kianglikana ilikuwa Ethiopia, tangu mwaka 1837, nayo haikufanikiwa. Baada ya miaka michache njia ya kurudi huko ilifungwa kabisa. Ndipo akaja pwani yetu mwaka 1844, akiwa na barua ya Sultani Seyyid Said, akakaa Mombasa.

Hapa ndipo mimi, kama mwanaisimu, napenda kutua. Tarehe 8 Juni 1844, kabla hata hajaijua lugha barabara, alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Hebu tulitazame jambo hilo kwa utulivu. Mchungaji aliyekuja kufundisha anaketi mbele ya mwamuzi wa sheria ya Kiislamu, aelezwe namna Mswahili anavyosema habari za mbingu na nchi. Kadhi hakuwa na haja ya kumfaidia mgeni yule, na wala hakumnyima elimu. Katika historia zetu za shuleni Krapf huitwa mwalimu. Kadhi, akitajwa, huitwa msaidizi. Kwa maoni yangu majina hayo yamepinduliwa.

Mwezi uliofuata homa ilimuua mkewe Rosina, na mtoto wao mchanga akafuata baada ya siku chache. Kaburi liko upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf aliendelea kuandika.

Sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa Tübingen mwaka 1850. Humo alitetea herufi za Kilatini dhidi ya herufi za Kiarabu ambazo Waswahili walikuwa wameandikia tenzi zao kwa karne nzima na zaidi. Sababu yake haikuwa ya kiisimu pekee: alihofu kwamba herufi za Kiarabu zingeupa Uislamu nguvu bara. Sifichi kwamba hoja hiyo hunikera. Mtu aliyefunzwa na Kadhi alitaka kuyafungia nje maandishi ya Kadhi. Hata hivyo ni mtu huyohuyo aliyezipeleka hati za Utenzi wa Herekali katika maktaba ya Halle, Ujerumani, mwaka 1854, na wataalamu wa ushairi wa kale wangali wanamshukuru. Binadamu hapimwi kwa mizani moja.

Safari zake za bara zinajulikana, basi sitazirefusha. Akiwa Ukambani, Desemba 1849, aliuona Mlima Kenya, ambao Wameru huuita Kirimaara. Wataalamu wa Ulaya, wakiwa vitini mwao, walikataa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1851 alirudi tena Ukambani; mwenyeji wake Kivoi akauawa njiani, naye akaponea chupuchupu.

Aliporudi Ulaya afya yake ilikuwa imevunjika. Kisha Charles Cheetham, mweka hazina wa Wamethodisti wa Uingereza, akakisoma kitabu chake cha safari, akamwita. Mwaka 1862 Krapf alitua tena pwani na vijana wanne, wawili Waingereza na wawili wa kutoka chuo kimoja cha Uswisi. Akawapeleka Ribe. Watatu hawakudumu, ama kwa maradhi ama kwa kukata tamaa. Yeye mwenyewe alishindwa na mwili, akaondoka kabla mwaka haujaisha. Kwa hesabu ya siku, safari hiyo ilikuwa fupi kama hizi tunazoziona sasa. Lakini aliyebaki, Thomas Wakefield, alikuwa na kitu ambacho Krapf alikikosa siku ile aliposhuka Mombasa: lugha iliyokwisha kuandikwa. Aliweza kufungua kitabu jioni na kujiandaa kwa mazungumzo ya asubuhi. Wakefield alimzika mkewe Rebecca huko Ribe mwaka 1873, naye akaendelea na kazi hadi mwaka 1887.

Kutoka Ribe, Wamethodisti walifika Meru nusu karne baada ya Krapf kuondoka. Miongoni mwa matunda ya misheni hiyo ni mchungaji Mmeru, Filipo M'Inoti, ambaye karibu na mwaka 1930 aliandika asili na desturi za watu wake. Hakuandika kwa Kiingereza cha wamisionari. Aliandika kwa Kiswahili, na wanahistoria wa Meru wameitegemea hati yake tangu hapo. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali.

Krapf alifariki Korntal, Ujerumani, mwezi Novemba 1881. Inasemekana alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata, imejaa Kimvita cha watu waliomfunza, na jina lililochapwa mbele ni lake peke yake.