Allvar Gullstrand na Taa ya Mwale Mwembamba

Je, umewahi kukaa mchana ndani ya nyumba yenye giza, ukaona mwale wa jua ukipenya katika tundu la paa? Ndani ya mwale huo utaona vumbi likielea. Ukitoka nje penye nuru nyingi, vumbi hilo hulioni tena. Likumbuke jambo hili, maana litakusaidia kuielewa kazi ya mtu utakayesoma habari zake.

Allvar Gullstrand alizaliwa tarehe 5 Juni, 1862, katika mji wa Landskrona, nchini Uswidi. Baba yake alikuwa daktari, naye akasomea kazi hiyohiyo. Elimu ya nuru na hesabu zake alijifunza zaidi peke yake. Mwaka 1894 akawa profesa wa kwanza wa magonjwa ya macho katika Chuo Kikuu cha Uppsala.

Sehemu ya mbele kabisa ya jicho lako huitwa konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita, nayo hupitisha nuru kama kioo safi. Nyuma yake imo lenzi. Lenzi ikiingia ukungu, ugonjwa huo huitwa mtoto wa jicho. Lakini kitu kinachopitisha nuru kitachunguzwaje? Taa ya kawaida huliangaza jicho lote kwa pamoja, na tabaka zake hazitengani.

Gullstrand alianza kwa kupiga picha za nuru iliyoakisiwa na konea, ili apime umbo lake. Kisha, mwaka 1911, aliwaonyesha madaktari wa macho mjini Heidelberg, Ujerumani, taa yenye ufa mwembamba. Mwale wake hupita katika jicho kama kisu kikatavyo papai, ila haumuumizi mgonjwa. Tabaka za jicho zikaonekana moja baada ya nyingine. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi nuru inavyopinda ndani ya jicho. Pia alibuni miwani bora kwa watu waliotolewa lenzi yenye ukungu. Alifariki Stockholm tarehe 28 Julai, 1930.

Kazi yake haikuishia hapo. Kwa kutumia taa hiyo, Alfred Vogt, daktari wa Uswisi, aliziona seli zilizo upande wa ndani wa konea ya mtu aliye hai. Seli hizo hutoa maji katika konea ili isivimbe. Zikifa, hazizaliwi nyingine za kutosha kushika nafasi zao.

Upasuaji wa mtoto wa jicho huua baadhi ya seli hizo. Kwa hiyo siku hizi daktari aweza kuzipiga picha kwa hadubini maalumu na kuzihesabu kabla ya upasuaji. Mtu mzima mwenye macho mazima huwa nazo zipatazo 2,500 katika milimita moja ya mraba. Zikiwa chache mno, daktari hutambua mapema kwamba konea yaweza kuvimba na kuingia ukungu. Hapo humweleza mgonjwa hatari hiyo, na kuilinda konea kwa uangalifu zaidi. Lenzi mpya haitamfaa mtu ikiwa konea yake haipitishi nuru.

Maswali
1. Kwa nini vumbi huonekana ndani ya mwale mwembamba?
2. Seli za ndani ya konea zina kazi gani?
3. Kwa nini daktari huzihesabu seli hizo kabla ya upasuaji?