Denis Burkitt na saratani ya taya kwa watoto

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Utotoni alipoteza jicho moja, lakini akawa daktari wa upasuaji na kuja Uganda mwaka 1946.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Akakuta wengine, baadhi wakiwa na uvimbe tumboni, akatambua kuwa ni saratani moja.

Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 kwa wiki 10, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ikabainika kuwa uvimbe huo ni mwingi kwenye joto na malaria, nadra milimani kwenye baridi. Mkazi wa Usambara anaijua tofauti hiyo: Mombo kuna mbu wengi, Lushoto wachache.

Miaka ya 1980 wanasayansi waligundua kuwa katika saratani hiyo jeni iitwayo MYC huhama mahali pake, ikafanya kazi kupita kiasi, na seli zikaongezeka ovyo. Leo kupima jeni husaidia kuitofautisha na saratani zinazofanana nayo, na njia hiyo hutumika pia kwa uvimbe wa ubongo.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Ugonjwa huu hukua haraka, ila watoto wengi hupona wakitibiwa mapema. Mtoto akivimba taya au tumbo, au meno yakilegea bila sababu, mpeleke hospitali mara moja.