Yusuf bin Hassan: Mfalme wa Mombasa Mwenye Majina Mawili

Mnamo tarehe 28 Aprili 1865, jijini Paris, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza opera ya Giacomo Meyerbeer iitwayo L'Africaine. Shujaa wake ni Vasco da Gama, Mreno aliyetia nanga Mombasa mwaka 1498. Malkia wa kigeni aliyempenda hufa kwa hiari ili shujaa arudi kwao salama. Watazamaji wa Paris hawakuambiwa kuwa Mombasa, hatua chache kutoka uwanja wa Makadara wa leo, palipata kuishi mfalme ambaye hakukubali kufa kwa namna hiyo.

Yusuf bin Hassan alizaliwa yapata mwaka 1607, katika ukoo wa watawala wa Malindi waliohamishiwa Mombasa na Wareno. Baba yake, Sultan Hassan, aligombana na kapteni wa Ngome ya Yesu akakimbilia bara. Huko aliuawa mwaka 1614 na watu waliohongwa na Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Yusuf, mtoto wa miaka saba hivi, alipelekwa Goa huko huko. Watawa wa Mtakatifu Agostino walimlea, wakambatiza na kumpa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alijifunza lugha ya Wareno, akatumikia katika merikebu zao, akaoa mke Mkristo. Mwaka 1626 alirejeshwa Mombasa akiwa mfalme Mkristo juu ya raia Waislamu.

Hapo ndipo penye uzito wa maisha yake. Raia walimtilia shaka kwa dini yake. Kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, alimdharau licha ya dini hiyo hiyo. Alipoonekana akisali kwa siri kwenye kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu, ilikuwa wazi kwamba angepelekwa Goa kuhukumiwa. Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, aliingia ngomeni na wafuasi wake, akamchoma kapteni kwa jambia. Kisha akarudia jina lake la Yusuf.

Yaliyofuata hayafai kufunikwa kwa sifa. Wakristo waliokataa kusilimu waliuawa, Wareno kwa Waafrika, na miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto. Tunayajua haya hasa kwa sababu kanisa lilikusanya ushahidi huko Goa ili waliouawa watangazwe mashahidi wa imani. Basi sauti ya Yusuf imetufikia kupitia kalamu ya adui zake, na msomaji hana budi kuipima kwa hadhari: ukatili waliousimulia ni wa kweli, lakini kichwa cha Hassan hakikuwa kiini cha uchunguzi wao.

Januari 1632 kundi la merikebu kutoka Goa lilimzingira, likashindwa. Hata hivyo Yusuf alielewa kuwa lingine lingekuja. Mwezi wa Mei aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akapanda merikebu aliyowateka Wareno, akawa mwindaji wa baharini. Alifariki mwaka 1638 katika Bahari ya Shamu.

Wareno walirudi wakaijenga upya ngome. Juu ya lango lake kuna maandishi yanayomsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekuwa na umri wa miaka 27, kwa kazi hiyo.