ASKOFU KIBIRA: MHAYA ALIYEONGOZA WALUTHERI WA DUNIA NZIMA

Wengi wetu tunamsikia tu marehemu Askofu Josiah Kibira kwa wazee. Leo tumsome kidogo.

Alizaliwa Bukoba mwaka 1925. Alianza kama mwalimu, uamsho wa Abalokole ukamgusa, akawa mchungaji. Alisoma hadi Ujerumani na Marekani. Mwaka 1964 akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa dayosisi yake, akimpokea Msweden, Bengt Sundkler. Sisi wa Karagwe tulikuwa chini yake mpaka 1979 tulipopata dayosisi yetu.

Juni 1977 Fungamano la Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano Mkuu Dar es Salaam, wa kwanza Afrika. Kibira akachaguliwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Lakini kazi yenyewe ilikuwa kwenye maazimio. Afrika Kusini na Namibia makanisa ya wazungu na ya weusi yalikuwa wanachama wa chombo kimoja, ila nyumbani hawakukaa pamoja. Mkutano ukaamua kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi ni suala la imani, siyo siasa tu.

Haya, karatasi imepita. Utekelezaji je? Miaka 7 ikakatika. Mwaka 1984 wakakutana Budapest, Hungaria, Kibira bado rais. Hoja mezani: makanisa mawili ya wazungu ambayo hayajaukataa ubaguzi waziwazi yasimamishwe uanachama. Si mchezo, maana ni kumfungia mlango ndugu wa imani. Wapo walioona adhabu imezidi. Kura zikapigwa, hoja ikapita. Mkutano huohuo ndio alipokabidhi kiti.

Kibira alifariki Julai 1988 baada ya kuugua Parkinson. Ubaguzi ulipoanguka Afrika Kusini mwaka 1994, hakuwepo kuona.

Funzo langu ni hili: ukichaguliwa kamati ya sinodi au mkutano mkuu wa kanisa, usiende kwa ajili ya posho na soda. Soma makabrasha, uliza, halafu piga kura kwa dhamiri. Azimio likishapita, fuatilia. Bila kufuatilia, Dar es Salaam ingebaki karatasi tu.

Wadau mnasemaje? Kanisa lilikuwa sahihi kumsimamisha mwenzake? Tupieni maoni hapo chini, bila matusi tafadhali.